Ufunguo wa Ghala

Kesho ni mimi.
Mkutano mkuu umenyoosha mikono, mikono imehesabiwa,
na Bi Somoe Nangumi amenikabidhi ufunguo wa ghala la Mahuta
bila hotuba. Amesema tu:
"Mizani hii inakula robo kilo. Usisahau."

Sijalala. Nimefungua daftari la stakabadhi,
kurasa za nyuma, zile zisizo na mistari,
ambako kwa miaka tisa ya ukarani
niliandika mambo yasiyo na safu ya kuyajumlisha.

Niliandika: Leo kaja saa kumi na mbili kasorobo,
kapima jiwe la kilo mbili kabla ya kupima mtu.
Niliandika: Gunia lake lilikuwa la mwisho kwenye foleni.
Jana pia. Nadhani ni makusudi.

Niliandika: Chitanda kafoka dakika arobaini
juu ya salfa iliyochelewa hadi maua yakapukutika.
Hakumkata kauli. Simu ililia mara tatu mkobani,
ikachoka yenyewe.
Mwishoni kauliza, "Na mguu wa mkeo, umepoa?"
Chitanda akakaa.
Salfa ilikuwa bado haijafika.

"Wanasema kiongozi ni jalala," nilimwambia jioni ile, kumpa pole.
Alikuwa ameshika fagio.
"Jalala halifagii," akasema. "Sogeza mguu."

Si malaika. Aliwahi kuniita mvivu mbele ya wageni wa wilayani;
wiki ilipopita akaniomba radhi mbele ya walewale,
kawatafuta mmoja mmoja, mpaka dereva wao.

Mimi nilidhani uongozi ni sauti.
Nakiri, nilifanya mazoezi njiani kutoka bombani,
nikiihutubia mikorosho, na mikorosho hainaga upinzani.

Halafu ukaja mwaka mvua ilipowahi.
Magunia arobaini na mawili yalilala nje,
turubai limekunjwa ndani, mlango umefungwa.
Asubuhi korosho zimevimba,
mnunuzi kachomeka kipimo cha unyevu, kakunja uso, kaondoka.
Kijiji kikaja. Kilikuja na majina:
mlinzi, kijana wa lori, karani.
Nami, Mungu anisamehe, nilishaanza kumtazama mlinzi.

Bi Somoe akapanda juu ya gunia lililolowa,
akainua ufunguo huu huu.
"Ulikuwa kwangu. Nililala nao. Nimekosea mimi."
Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi,
ikingoja ile "lakini" ambayo kila mkubwa huwa nayo.
Haikuja.
Doa la wino lipo mpaka leo, ukurasa wa mia na kumi.

Misimu miwili korosho zake zilifidia za watu,
misimu miwili nyumba yake ikabaki na makuti.
Sikumwandika mtu aliyemsifu, maana sikumsikia.
Niliandika tu kwamba mwaka uliofuata
watu wa kangomba walipita na vibaba vyao, pesa mkononi,
na njaa ilikuwepo, tena kali,
wakaambulia nyumba nne.

Kunakucha.
Nilikuwa nimeandaa hotuba, kurasa tatu,
neno "dira" limo mara saba.
Kurasa mbili nimewashia jiko la chai.
Ya tatu nimeibakiza mfukoni. Sijawa Somoe.

Nimefika na gunia langu begani.
Watu watano tayari wapo mlangoni.
"Mwenyekiti, pita mbele," kasema mmoja,
na mguu wangu, huu wa kulia, uliinuka kweli.

Nikaurudisha.
Nyuma ya binti wa mwisho palikuwa na nafasi,
vumbi jekundu, upana wa gunia moja.
Nikalitua hapo.
Ndipo nikaenda kufungua.